Kamba ya Kyungu

Kamba iliyolowa na kukauka mara nyingi ina harufu yake ya pekee. Inafanana kidogo na gunia lililosahauliwa mvuani, kidogo na nywele za mtoto aliyetoka kuoga, na chini kabisa kuna harufu ya chuma, ile ya udongo wetu mwekundu wa Likasi ambao ukiulamba, kama tulivyofanya wengi utotoni, unaacha ladha ya sarafu ulimini. Juzi mama alinitupia kamba ya kisima mapajani akaniambia niiunge, kwa sababu ndoo haigusi tena maji. Nilikuwa nimekaa barazani nikifikiria kazi nilizoomba na kimya nilichojibiwa. Sahani yangu ya mchana ilikuwa bado ndani imefunikwa, na mama alikuwa ameshaitazama mara kadhaa. Niliinua kamba puani kabla ya kuiunga, bila kujua kwa nini, na alasiri yote ikanipotea.

Mliokulia mitaa ya nyuma ya Panda, hapa Likasi, hamhitaji kuelezwa mambo ya visima. Bomba la mtaani lilikohoa hewa alfajiri, likatema maji ya rangi ya chai, kisha likanyamaza. Kwa hiyo kila kiwanja kilikuwa na kisima chake, na kila kisima na tabia yake. Kimoja kilitoa maji ya kufulia tu, kingine kilipendwa kwa maji ya kunywa, kingine kilikuwa na chura ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Chetu kilikuwa chembamba na kirefu, mdomo wake umezungushiwa matofali ya udongo wa kichuguu, na kilikuwa na jina. Kiliitwa Kyungu.

Baba alikichimba wakati mama ana mimba yangu. Alichimba jioni, akitoka karakana, na Jumapili baada ya misa. Hadithi ya nyumbani, ambayo nimeisikia mpaka nimeanza kuikumbuka kana kwamba niliiona, inasema mama alirudi kutoka hospitali akiwa amenibeba, na kabla hajavuka uzio baba akaibuka kutoka shimoni, mwekundu kuanzia nywele hadi kucha, mkononi ana ndoo ya maji ya matope. Alikuwa ameyafikia maji siku hiyohiyo. Yalichujwa kwa kitambaa, yakapashwa moto, na ndiyo niliyoogeshwa.

Kwa watu wa upande wa baba, mapacha huitwa mapasa, na majina yao hayachaguliwi. Anayetangulia kutoka ni Kyungu, anayefuata ni Kabange. Jirani yetu wa chini, ambaye sote tulimwita Mama Mapasa kwa sababu alikuwa na wavulana wawili waliozaliwa pamoja, alisimama uzioni siku ile akamtania mama kwamba sasa na nyumba hii iko na mapasa yake, Kyungu mu shimo, Kabange ku mugongo. Utani ukashika. Nina jina jingine, ndilo lililoandikwa kwenye diploma, lakini mtaani mpaka leo mimi ni Kabange.

Mtoto hajui utani unaishia wapi. Hakuna aliyeniambia kwamba kisima si ndugu yangu, kwa kuwa hakuna aliyedhani jambo hilo linahitaji kusemwa. Nami nilijifunza mambo ya mapasa kupitia matundu ya uzio, nikiwatazama wale wavulana wa Mama Mapasa. Mapasa hupewa sawa. Mmoja akishonewa shati, mwingine anashonewa la kitambaa hichohicho. Mmoja akishikwa na homa, wote wawili wanameza dawa chungu, na yule mzima ndiye anayelia zaidi. Kumpendelea mmoja ni kumwitia mwenzake ugonjwa, na linalomfika huyu linamtafuta na yule. Kwa hiyo kila asubuhi, mama akigeuka, nilimmiminia Kyungu tone la mwisho la chai yangu. Nilisikiliza likifika. Lilichukua muda, kisha kule chini kitu kikasema kidogo sana, kama mtu anayeitika akiwa usingizini.

Kiangazi ninachokisema nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza shule. Asubuhi zilikuwa za baridi, pumzi zikionekana, na milimani nyasi zilikuwa zinachomwa, hivyo mabaki meusi yenye umbo la manyoya yakashuka polepole na kutua juu ya nguo zilizoanikwa. Siku moja mama alikaa mlangoni na kazi mbili. Kwanza alishusha pindo la sketi yangu ya shule, maana magoti yalikuwa yameanza kuchungulia. Kisha akavuta kamba ya kisima, na kwenye ncha ile ya mkononi akaunga kipande cha kitenge chake cha zamani, chenye ndege wa manjano. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, akiwa na uzi kati ya meno, kwamba kamba imekuwa fupi.

Labda miaka ya nyuma maji hayakuwahi kushuka hivyo. Labda yalishuka na mimi nilikuwa mdogo mno kuona. Nimelifikiria hilo kupita kiasi, kama ninavyofanya kwa kila kitu. Ninachojua ni kwamba siku ile nililiona jambo zima kwa mara moja, nalo lilikuwa zuri. Sketi yangu imekuwa fupi kwa sababu mimi nimekua. Kamba ya Kyungu imekuwa fupi kwa sababu na yeye amekua. Mimi nakua kwenda juu, yeye anakua kwenda chini, na mama yetu yuko katikati na sindano.

Nilifurahi mno. Watu wazima wakaanza kuchungulia mdomo wa kisima na kutikisa vichwa, nami nikawa natembea kifua mbele. Kikaja kipande cha pili, mguu wa ovaroli ya buluu ya baba. Kisha mama akakata chini ya gauni langu la kijani, lile ambalo halikunitosha tena, akaunga na hicho. Nilimshukuru kwa niaba ya ndugu yangu. Mama alicheka, lakini macho yake yalikuwa kule chini.

Baridi ikaondoka, joto likaja. Mbingu ikawa nyeupe kama sahani. Ndoo iliyokuwa ikipiga maji kwa mshindo ilianza kupiga kofi, baadaye ikawa inakwaruza. Ilipanda na matope, na siku nyingine ilipanda na jiwe moja dogo, safi, kana kwamba Kyungu ametuma kile alichokuwa nacho. Mama alishuka na bidoni, dumu letu la maji, kwa Mama Mapasa, ambaye kisima chake kiko chini ya mteremko na kilikuwa bado kina maji kidogo, akangoja wale wavulana waogeshwe kwanza ndipo achote.

Wakati huohuo choo chetu kilikuwa kimejaa. Siyo jambo la kusemwa mezani, lakini kwetu lilisemwa mezani, Jumapili moja, bukari, ugali wetu, ikiwa bado inatoa mvuke. Baba alieleza kwa upole, kama mtu aliyekwisha kuamua. Ardhi ya kiwanja chetu ni mawe mekundu, kuchimba shimo jipya ni kuvunja mgongo, na mvua ikianza itakuwa vibaya zaidi. Na pale nje kuna shimo refu ambalo halina kazi.

"Ile ni kisima," mama alisema.

"Kisima ni ya mayi. Unaona mayi mule?"

Mama aliendelea kukwangua sufuria. "Mayi itarudia. Na siku itarudia, itakuta nini?"

Mama akaonyesha kwa kidevu upande wa uzio, kwa Mama Mapasa, akasema taratibu kwamba maji yakitoka kwetu yanapita kule, na wale watoto wanayanywa. Baba alinawa mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mwishowe akasema tungoje Noeli. Noeli ikipita na ndoo haina kitu, anatia mbao, anajenga musalani juu yake.

Mimi nilikuwa na tonge mkononi. Nilielewa neno musalani, na nilielewa kwamba litafanywa juu ya Kyungu. Na linalomfika pacha mmoja linamtafuta mwenzake. Tonge lile sikulila.

Kisha mvua ikaja. Mnaijua mvua ya kwanza ya kwetu, jinsi inavyotangaziwa na harufu kabla haijaonekana, jinsi mijakaranda inavyoangusha maua yake ya zambarau barabarani na maji mekundu yanavyoyabeba chini kama sherehe. Watoto tulikimbia uchi. Mabati yalipiga kelele, mabeseni yakajaa, karai likajaa, hata kiatu cha baba kilichoachwa nje kilijaa. Mvua ilipotulia nilikimbilia kisimani nikamwomba mama ateremshe ndoo. Iliteremka. Ikakwaruza.

Ikanyesha tena, na tena, na ndoo ikakwaruza. Siku moja mama alilazimika kuunga kipande kingine, wakati ua mzima uko chini ya maji, na aliunga huku akitazama angani kama mtu aliyedanganywa.

Leo najua kilichokuwa kinatokea, nimekisomea Lubumbashi miaka yote ile. Ardhi iliyokauka hunywa kwanza yenyewe. Tabaka la juu halipitishi kitu mpaka litosheke, kisha la chini yake nalo linashika lake, na maji yanakwenda hivyo, gizani, taratibu kuliko kitu chochote chenye miguu. Wakati sisi tunaimba mvuani juu, kule chini kiangazi bado kinaendelea, na kisima kinaweza kuendelea kushuka wiki nyingi chini ya anga inayomwaga. Mwalimu wetu wa chuo alilichora jambo hilo ubaoni kwa mstari mmoja uliopinda, na mimi kwenye benchi la nyuma nikajifuta macho nikasingizia vumbi la chaki.

Lakini wakati ule nilikuwa na maelezo yangu. Maji yalikuwa yanajitahidi kumfikia Kyungu, ila Kyungu alikuwa anakua haraka mno, chini yake inakimbia. Na alikuwa anakua kwa sababu mimi nakua. Na mimi nilikuwa nakua kwa sababu nakula.

Basi niliacha. Si kwa ghafla, nilikuwa mjanja. Tonge likawa dogo, kisha dogo zaidi, lingine likaenda kwa kuku kupitia mfuko wa sketi. Nilitembea na magoti yamekunjwa kidogo. Nililala nimejikunja kama kiwavi ili miguu isipate nafasi ya kurefuka. Nakumbuka njaa ile kama aina ya mwanga. Kila kitu kilikuwa na ukingo unaong'aa, majani ya mhogo, mgongo wa bata, tone linaloning'inia kwenye waya. Sauti zilikuja kutoka mbali, zikiwa zimefungwa pamba. Nilikaa muda mrefu kando ya kisima, shavu kwenye matofali, nikimwambia asimame kidogo, nimesimama na mimi.

Msimu wa uyoga ulifika, wanawake wakapanga mabeseni yao kando ya barabara, na mama akanipikia uyoga wa manjano ninaoupenda kuliko nyama. Nikasema sitaki. Hapo ndipo alipoogopa.

Alinipeleka kwenye zahanati. Walinitoboa kidole, wakanitazama ulimi, wakasema hakuna malaria, pengine ni minyoo, wakanipa dawa. Niliimeza bila ubishi, kisha nikanyoosha mkono na kuomba ya Kyungu. Muuguzi aliuliza Kyungu ni nani. Mama alisita, halafu, kwa kuwa ni mtu asiyejua kudanganya, akasema ni kisima. Muuguzi alimtazama kama anayefikiria kumtoboa kidole na yeye.

Njia nzima mkono wa mama uliushika wangu kwa nguvu. Jioni, baba aliporudi, walizungumza jikoni sauti za chini. Kisha baba akatoka nje, manyunyu bado kwenye kofia yake, akachuchumaa mbele yangu pale mlangoni nilipokuwa nimejikunja.

"Kabange, juu ya nini haukule?"

Nilimwambia sitaki kukua. Akauliza kwa nini. Nikamweleza kila kitu, zile mbio za Kyungu kwenda chini na maji yanayochoka njiani.

"Minye nikisimama, naye atasimama," nilisema. "Mayi itamufikia mbele ya Noeli."

"Nani alikuambia ile?"

"Hakuna. Mapasa njo vile."

Angeweza kuniambia kisima si mtu. Nimemwandikia majibu mengi kichwani tangu wakati ule, ya busara na ya ukali, na yote angeweza kuyatoa. Lakini yeye naye alilelewa na kanuni hiyo ya mapasa, na yeye ndiye aliyetoka shimoni mwekundu siku ile na kukubali utani wa jina. Alitazama viganja vyake kwa muda.

"Kula," alisema. "Minye nitaongea naye."

Sijui kama aliongea naye. Ila kesho yake, alipotoka karakana, hakuzigusa zile mbao alizokuwa ameziegemeza ukutani. Alikwenda pembe ya pili ya kiwanja, karibu na kichuguu, akachora mraba chini kwa jembe, akaanza kuchimba choo kipya kwenye mawe yaleyale aliyosema yatamvunja mgongo. Alichimba kwenye mvua. Mtalimbo ulipiga jiwe, ukatoa cheche na harufu ya kiberiti, na kila alichochimba jana kilikuwa kimejaa maji leo, akayakomba kwa kopo la maziwa kabla ya kuendelea. Majirani walisimama kutazama. Mama Mapasa aliuliza juu ya uzio kama Papa Kabange anatafuta shaba ya kwake peke yake.

"Natafuta mutoto akule," baba alisema bila kuinua kichwa.

Mama Mapasa hakucheka tena. Siku iliyofuata wavulana wake wawili walikuja, kila mmoja na kopo lake, makopo yanayofanana.

Mimi niliwekewa kigoda kando ya kisima na sahani mapajani. Nilikula kidogokidogo, nikitega sikio. Noeli ilikuja na wimbo na wali, ikapita, ndoo ikikwaruza, na hakuna aliyetaja mbao. Zilikuwa zimeshakuwa mlango wa choo kipya.

Mahindi yalikuwa yamenipita urefu siku mama alipoteremsha ndoo kwa mazoea tu, akiongea na mimi jambo jingine. Nilisikia sauti ndogo, kama ya mtu anayetoa mdomo kwenye kikombe. Mama aliacha kuongea. Akavuta, na kamba ikakaza. Ilikaza polepole, kwa uzito ambao mikono yake ilikuwa imeusahau, na nikaona shingo yake ikitambua kabla ya uso. Yalikuwa maji machache, mekundu, yenye jani moja. Alichovya kidole akanipaka kwenye paji la uso.

Tangu hapo yalipanda kila wiki, hata siku ambazo hakuna mvua. Mama akaanza kufungua vipande. Kilichoungwa mwisho kilitoka kwanza, na kila kitambaa alikifua, akakianika, akakirudisha kwa mwenyewe kama kilichoazimwa. Baba alipewa buluu yake. Mimi nilipewa kijani changu.

Nilikwenda ndani nikalitafuta lile gauni la kijani lililokatwa, nikajaribu kulivaa. Nilikuwa na hakika. Kyungu alikuwa amerudi kuwa mdogo, kamba yake imemtosha tena, sasa ni zamu yangu. Gauni lilikwama mabegani. Nilingoja. Nikatoka nalo hivyohivyo, mikono juu, nusu ya kichwa nje, nikakaa kando ya kisima kungoja kupungua mpaka baba alipoingia na baiskeli.

Nilimuuliza nitarudia mudogo siku gani.

Baba aliegemeza baiskeli, akanivua gauni taratibu, masikio yasiumie. Akachota maji, akanywa kwa muda mrefu, akaninywesha na mimi. Yalikuwa baridi na yana ladha ya sarafu.

"Kyungu anaendaka na anarudiaka," alisema. "Weye hapana. Weye unaenda tu."

Sikulia. Niliinama juu ya mdomo wa kisima, na kwa mara ya kwanza tangu kiangazi nilijiona kule ndani, karibu sana, uso mwekundu unaotikisika. Nikamwonea Kyungu wivu. Sikumtilia chai tena.

Mwaka huu maji yameshuka kuliko kamba hii ilivyowahi kujua. Naweza kuwapa sababu. Mvua ilichelewa na ikaisha mapema. Kule juu wenye uwezo wamechimba visima virefu vya mashine, na umeme wa mtambo wa Koni ukiwepo vinavuta mchana kutwa. Bati na saruji vimefunika mahali ambapo mvua ilikuwa inaingilia ardhini. Naweza kuzipanga sababu hizi mpaka kuche, na kila moja ni kweli, na hakuna hata moja inayoniambia kama maji yatarudi mwaka huu, au kama mtu aliyesomea maji yaliyofichika atapata wa kumwajiri, au kama nilikuwa nasonga mbele miaka yote ile au nilikuwa najikunja tu. Mama yeye alisema niiunge kamba.

Niliunga kitenge, nikaunga shuka la chuo. Bado. Basi nikaingia ndani, nikafungua sanduku, nikatoa kile kipande cha kijani kilichokwenda nami Lubumbashi na kurudi, sijui kwa nini, bila kuwahi kufunguliwa. Nilikifunga mwisho, upande wa mkono, fundo kama la mama. Baba alikuwa kwenye kiti chake kivulini. Magoti yake hayamruhusu tena kuchuchumaa mbele ya mtu, kwa hiyo alinitazama kutoka palepale.

Niliteremsha ndoo. Kitenge kikapita, shuka likapita, mkononi kikabaki kijani peke yake.

"Inafika?" baba aliuliza.

Nilingoja. Kutoka chini kabisa kitu kikaitika, na kamba ikakaza.

"Inafika, Papa."

"Basi kuya ukule."